Usikimbilie kumwaga dawa ya platinamu

Wanaoanza kuchapa picha za platinamu kwa mkono, yaani picha za kamera zinazoundwa na madini ya platinamu kwenye karatasi, huuliza dawa ya kusafishia, ile inayoitokeza picha, ibadilishwe lini. Mimi siibadilishi. Natumia oksalati ya potasiamu, ile ile iliyotumika tangu enzi za William Willis, aliyepata hataza ya njia hii Uingereza mwaka 1873. Yangu imeshakuwa ya manjano, na kila ikipungua naijaza kwa mpya. Kilichoichafua ni chuma kilichotoka kwenye picha pamoja na masalia ya platinamu, na kwa macho yangu dawa kongwe hutoa vivuli laini kuliko mpya.

Kuitunza hakuna makuu. Ikikaa, fuwele za kijani hutuama chini ya chupa. Mimina ya juu taratibu, uichuje, fuwele uziache. Cha kuangalia sana ni asidi. Chovya litmasi ya bluu, karatasi ya kupimia asidi: isipogeuka nyekundu, tia asidi ya oksaliki kidogo kidogo. Dawa ikielemea upande wa alkali, chuma hung'ang'ania karatasi na sehemu nyeupe hubaki na umanjano ambao hata EDTA, kemikali ya kuondolea chuma kwenye karatasi, huushindwa. Kemikali hizi ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, na trei zisirudi jikoni. Anayetia dikromati ili kuongeza kontrasti aiwekee chupa yake.

Ila madoa mengi ambayo dawa husingiziwa huanzia kwenye upakaji, yaani pale unapoipaka karatasi mchanganyiko wa chuma na platinamu unaohisi mwanga. Chagua karatasi ya pamba tupu isiyotiwa chokaa, maana chokaa hugombana na oksalati ya feri, ile chumvi ya chuma iliyomo kwenye mchanganyiko. Kisha pima unyevu wa chumba. Mimi hupenda asilimia 55 hivi. Karatasi ikiwa kavu mno, hunywa mchanganyiko pale pale ulipodondoka, brashi ikabaki inasugua patupu, na picha hutoka na chembechembe kama imenyunyiziwa mchanga. Unyevu ukizidi, utaiharibu negativi inayolazwa juu ya karatasi.

Brashi isiwe na pete ya chuma. Ilowanishe kwa maji yaliyokenekwa, ikung'ute sana, ndipo umwage mchanganyiko katikati ya karatasi na kuutandaza haraka, wima halafu mlalo. Baada ya hapo punguza nguvu mpaka ncha za nywele tu ndizo zinazogusa. Inamia utazame uso wa karatasi kwa ubavu: maji maji yanang'aa, kisha mng'ao unafifia taratibu. Unapofifia, acha. Ukiendelea, nyuzi za karatasi zitasimama, na kila uzi utaonekana kwenye anga la picha. Taa ya balbu hafifu inatosha kwa kazi hii, tyubu zizime.

Wakati wa kusafisha, pasha dawa moto kama unataka rangi ya kahawia zaidi. Picha hujitokeza mara tu dawa inapoigusa, kwa hiyo imwage yote kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, utaachiwa mstari usiofutika.