Oili inayodondoka chini ya Corolla ya zamani
Ndugu yangu, kwa kuwa Corolla yako ya mwaka 1998 inaacha tone la oili chini kila asubuhi, nakusihi usikubali injini ishushwe kabla hujaiosha, ukaikausha, ukaiendesha kwa dakika 20 na kuimulika kwa tochi kuanzia juu, kwa sababu oili huteremka na kurushwa nyuma na upepo, hivyo inapodondokea mara nyingi sipo inapovujia. Aghalabu chanzo ni gasketi iliyokauka ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, badilisha pia sili (mipira ya kuzuia oili) za mashimo hayo. Usirundike silikoni, ile gundi ya kuzibia. Kagua pia valvu ya PCV, ile inayotoa gesi zilizojikusanya ndani ya injini, maana ikiziba, mgandamizo ndani ya injini huisukuma oili nje hata kupitia gasketi mpya.