Mbolea ya ruzuku: maswali ya wakulima wa mahindi

Nimejiandikisha, mbona fedha za ruzuku haziingii kwenye simu?

Hazitaingia. Tangu msimu wa 2022/23, ruzuku ya mbolea Tanzania imo ndani ya bei: wewe unalipa bei iliyopunguzwa, Serikali inamlipa msambazaji kilichobaki. Msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia), uliokuwa unakaribia shilingi 130,000, ulishuka hadi 70,000. Kinachokuja kwenye simu ni ujumbe wenye namba yako ya mkulima na namba ya siri. Anayekupigia akitaka utume "ada" ili ruzuku yako iachiwe ni tapeli, kata simu.

Napataje hizo namba?

Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho, namba ya simu unayoitumia mwenyewe, aina ya mazao na ukubwa wa shamba. Hapo kwenye ukubwa ndipo wengi wanapoumia. Mgawo wa mifuko unatokana na eneo na zao, na wapo wanaotaja ekari mbili ilhali wanalima tano, kwa kuogopa kodi. Msimu ukifika mfumo unawapa mbolea ya ekari mbili, na wakala anayeuza mbolea hawezi kuongeza hata kilo. Hakikisha pia kilichoandikwa ni ekari au hekta, maana hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Umebadilisha laini? Kahuishe taarifa kabla ya mvua, kwa sababu ujumbe utaendelea kwenda kwenye laini ya zamani.

Wakala anataka nimwachie namba ya siri, mzigo ukifika atanipigia. Ni sawa?

Usimwachie. Namba ikishaingizwa, mfumo unahesabu kwamba umechukua, na kuthibitisha kwamba hukuchukua ni kazi ngumu mno. Vocha za ruzuku za karatasi za 2008/09 hadi 2013/14 ziliharibiwa kwa njia hiyohiyo: mkulima anasaini, anapewa vijisenti, mbolea yake anauziwa mwingine kwa bei kamili. Inauma kuona mlango uleule ukifunguliwa tena kwa simu.

Mfuko uwe mbele yako kwanza. Kagua mshono wa mdomo, usiwe umefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono. Wakala aingize namba zako, askani alama ya QR ya mfuko huohuo unaoubeba, ndipo ulipe na kudai risiti. Alama isiposomeka, omba mfuko mwingine. Akitaja bei iliyo juu ya ile elekezi ya eneo lenu, mwarifu afisa kilimo wa kata siku hiyohiyo, risiti ikiwa mkononi.

Nitajuaje kama urea, mbolea ya kukuzia, haijachanganywa?

Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Urea safi huyeyuka yote, na glasi hupoa waziwazi kiganjani. Mchanga ukibaki chini, rudisha mfuko.

Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea vinatosha ekari moja?

Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 8,900. Gawanya kilo 50, kila shimo linapata gramu 5 na ushee, yaani kisoda kimoja. Vinatosha, mradi usimwage kwa kukadiria na mkono: konzi zikizidi, mfuko unaisha nusu ya shamba na nusu nyingine inabaki njano.

DAP iwekwe wakati wa kupanda, ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya mbegu, kwani ikigusana na mbegu huiunguza. Urea isubiri mahindi yafike magotini, udongo ukiwa na unyevu. Weka pembeni mwa shina, ifukie. Ikiachwa juu kwenye jua, naitrojeni hupotea hewani. Ukisikia harufu kali ya amonia, ujue mbolea yako inaondoka.