Re: Sanamu ya Juno kule Boston ni feki?

Mkuu, feki siyo. Umeuliza kwa nini kichwa cha yule Juno (mungu wa kike wa Warumi wa kale) wa jumba la makumbusho la Boston kinaonekana kama cha mtu mwingine. Jicho lako halijakudanganya: kweli ni cha sanamu nyingine.

Kiwiliwili ni marumaru ya Kirumi. Kichwa nacho ni cha kale, ila kilikuja kupachikwa baadaye. Zamani pale Roma sanamu nyingi zilifukuliwa zikiwa hazina vichwa wala mikono, na matajiri hawakutaka vipande bustanini. Fundi aliitwa, akaunga kichwa cha huku na mwili wa kule, pua iliyovunjika akaichonga upya. Kwa hiyo hata jina Juno tunalipata zaidi kwenye kile kichwa chenye taji. Mwili peke yake ungeweza kuwa wa mungu mwingine kabisa!

Huyu alikuwa kwenye mkusanyiko wa ukoo wa Ludovisi, Roma. Mwaka 1897 Wamarekani wakamnunua, wakamsimamisha bustanini Brookline, jirani na Boston, akanyeshewa na kuangukiwa theluji zaidi ya miaka 100. Ana urefu wa mita 4 hivi na uzito unaokaribia tani 6, hivyo mwaka 2012 walimwingiza jumbani kwa kreni kupitia paani. Kichwa walikitoa kwanza, maana shingo ilikuwa dhaifu.

Ukipata picha ya karibu, itazame hiyo shingo.