Uzamivu wa anthropolojia na elimu ya juu: tafuta msimamizi kabla ya jina la programu

Ndugu yangu, umeuliza ni chuo gani kinachotoa shahada ya uzamivu inayounganisha anthropolojia na utafiti wa elimu ya juu, kwa kuwa una uzamili wa sosholojia, unafanya kazi katika ofisi ya udahili, na kila ukitafuta unaangukia ama programu za uongozi wa vyuo ama anthropolojia ya vijijini. Swali hilo lilinihangaisha karibu miaka miwili kabla sijadahiliwa, hivyo nitakueleza nilikopita.

Programu yenye majina yote mawili kwenye cheti ni adimu mno. Unachotafuta hasa ni msimamizi anayekubali kwamba chuo kikuu ni uwanda wa utafiti kama ulivyo mtaa au soko, pamoja na idara isiyomshangaa kwa kukubali hivyo.

Mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Andiko langu la kwanza lilihusu bumu, yaani fedha za kujikimu wanazopata wanafunzi kwa mkopo. Nilitaka kueleza wanafunzi wa Dar es Salaam wanavyoishi katika wiki za kungoja fedha za Bodi ya Mikopo: foleni ya kusaini, daftari la majina ambalo kijana fulani hulianza kabla ya jua kuchomoza na ambalo ikifika saa mbili hakuna anayelitambua, mama wa mgahawa anayekopesha wali kwa kuandika namba ya usajili badala ya jina, na kubebana hosteli, watu wawili kitanda kimoja. Idara moja ya anthropolojia ng'ambo ilinijibu kwamba mada ni nzuri ila ni ya kitivo cha elimu. Nikalipeleka kitivo cha elimu cha chuo kingine, ambako mjumbe wa jopo aliniuliza sampuli yangu ina wanafunzi wangapi na ufaulu wao nitaupimaje. Sikuwalaumu sana, kwa sababu andiko lilikuwa lile lile pande zote mbili, sikubadilisha hata aya moja.

Baada ya hapo niliacha kusoma orodha za programu, nikaanza kusoma majarida. Chama cha wanaanthropolojia cha Marekani kina baraza la anthropolojia na elimu lililoanzishwa mwaka 1968, na jarida lake ni Anthropology & Education Quarterly. Pitia matoleo ya miaka kadhaa, uwaweke kando wanaoandika juu ya shule za msingi na sekondari, ambao ndio wengi, kisha waliobaki uangalie wanafundisha wapi. Orodha itakuwa fupi, na hiyo ndiyo faida yake.

Kwa Marekani utakutana na Teachers College ya Columbia, yenye programu ya anthropolojia na elimu, na kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa na mkutano wa kila mwaka wa etnografia (utafiti wa kuishi na watu na kuwatazama) katika elimu. Chuo Kikuu cha Michigan kina kituo kikongwe cha utafiti wa elimu ya juu, lakini huko anthropolojia utakwenda nayo wewe mwenyewe. Denmark, Chuo Kikuu cha Aarhus ndicho kilichonivutia kuliko vyote: Susan Wright, mwanaanthropolojia, alianzisha pale kituo cha kutafiti mustakabali wa elimu ya juu, na amechunguza kwa miaka mingi jinsi ukaguzi na upimaji unavyobadilisha kazi ya wahadhiri. Nafasi za uzamivu Denmark kwa kawaida hutangazwa kama ajira, zina mshahara, kwa hiyo zitafute kwenye matangazo ya kazi.

Usiruke Afrika. Taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere ilianzisha uzamivu wa miaka 5 chini ya Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, ambaye mwenyewe ameandika kwa kina jinsi Makerere ilivyogeuzwa soko. Miaka ya mwanzo ni ya madarasa, na taaluma kadhaa husomwa pamoja. Rhodes, Afrika Kusini, ina uzamivu wa masomo ya elimu ya juu ambao wanafunzi wake wengi ni wahadhiri walio kazini, nao hukutanishwa kwa wiki maalumu mara kadhaa kwa mwaka. Kwa mtu mwenye ajira na watoto, ningeanzia hapo.

Unapomwandikia msimamizi, usimweleze kuwa unaipenda elimu. Mweleze kitu ulichokiona. Barua yangu iliyojibiwa ilikuwa na aya 3, na ya kwanza ilihusu lile daftari la majina tu. Nilimaliza katika idara ya elimu, nikiwa na msimamizi wa pili kutoka anthropolojia. Wa kwanza alinilinda kwenye mambo ya jopo, wa pili alinifundisha kuandika madokezo ya uwandani kila usiku kabla ya kulala.

Neno moja kuhusu ofisi yako, maana naona ndiko unakotaka kufanyia utafiti. Ni uwanda mzuri mno, ila faili ulizozisoma ukiwa mwajiriwa si data mpaka upate kibali cha maandishi, na mwombaji anayekujua kama afisa udahili atakujibu anavyomjibu afisa udahili. Mimi nilipoteza mahojiano ya mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nimewahi kufundisha semina katika chuo nilichokuwa nakitafiti, na wanafunzi waliendelea kuniita "sir" na kuniambia bumu linawatosha.