Mzike Kwanza, Ndipo Umpandishe Kwenye Mti

Wadogo zangu mnaoanza kutafuta koo za Uingereza na Ireland, bidii yenu naiona na nafurahi mmekuja. Lakini kuna jambo nimechoka kulirudia. Mtu anaanza Jumatatu na jina la babu wa mama yake. Ijumaa mti wa ukoo una mamia ya watu, wote wamenyofolewa kwenye miti ya wenzake, na ameshafika enzi za Mfalme Henry VIII, karne ya 16. Ukimwuliza cheti kiko wapi, anakuonyesha kidokezo cha Ancestry, ile tovuti ya koo. Kidokezo si ushahidi. Mti wa mtu mwingine si ushahidi, hata ukiwa umenakiliwa na watu ishirini, maana wote hao wamerithishana kosa moja.

1. Anza na walio hai. Rejista zitakuwepo mwakani. Bibi yako mwenye miaka tisini mpigie simu leo jioni.

2. Shikeni kichwani tarehe ambazo serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo: England na Wales tarehe 1 Julai 1837, Scotland 1855, Ireland 1864, ingawa ndoa za wasio Wakatoliki huko zilianza kusajiliwa 1845. Anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha Mkatoliki wa Galway wa mwaka 1850 anatafuta karatasi ambayo haikuandikwa kamwe. Aende kwenye vitabu vya parokia. Maktaba ya Taifa ya Ireland imeviweka bure, vingi vikiishia karibu 1880. Msishangae kukuta Jacobus na Gulielmus: ni James na William wenu, mapadre waliandika Kilatini.

3. Faharasa ya kuzaliwa ya GRO, ofisi kuu ya usajili ya England na Wales, inataja jina la ukoo la mama alilozaliwa nalo tangu 1837. Ile ya zamani, ambayo watu wanaojitolea wa tovuti ya FreeBMD wameinakili, inalitaja kuanzia robo ya Septemba (Julai hadi Septemba) 1911 tu. Tumieni zote mbili, moja husoma vizuri pale nyingine ilipokosea.

4. Mzikeni mtu. Ukimpata mtoto kwenye rejista ya kuzaliwa au ya ubatizo, kabla hujamwozesha wala kumpandisha meli, katafute kama alikufa mdogo.

Hapa naomba mkae. Shangazi mmoja wa Mombasa aliniomba nimtafutie babu yake, Mwairishi aliyekuja kufanya kazi ya reli mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa na jina, John Murphy, na neno moja, Cork, kaunti ya kusini mwa Ireland. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ireland, na Cork ndiko limejaa. Nililijua hilo. Hata hivyo nilipomwona kwenye IrishGenealogy, tovuti ya serikali ya Ireland ya rekodi za kale, mtoto aliyezaliwa 1879, baba mkulima, mama mwenye jina lilelile ambalo Shangazi alikumbuka kulisikia nyumbani, nikaacha kutafuta wengine. Nikaikuta familia kwenye sensa ya 1901. John hayumo. Nikasema, bila shaka yuko Afrika; yaani kukosekana kwake nikakufanya ushahidi. Nikaendelea hadi Tathmini ya Griffith, orodha ya wenye ardhi na wapangaji wa Ireland ya katikati ya karne ya 19, nikapata shamba lenyewe na ramani yenye mipaka yake. Shangazi akauchapisha mti, akautia fremu, akawaandikia barua watu wanaolima pale hadi leo. Wakamjibu kwa ukarimu, wakamwita binamu.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa namtafuta mtu mwingine kabisa katika rejista ya vifo ya wilaya ileile. John Murphy, mtoto wa mkulima, kitongoji kilekile, mtoa taarifa ni baba yake. Alikufa kwa kifaduro kabla hajatimiza miaka miwili. Nilikuwa nimemsafirisha mtoto wa kaburini hadi Mombasa. Linaloniuma zaidi ni kwamba sensa ya 1911 ilikuwa imeshaniambia. Fomu ile iliwauliza wake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama yule aliandikiwa tisa, walio hai sita, na wote sita nilikuwa nao kwa majina. John hakuwa na nafasi hata moja ya kukaa.

Wa kweli nilimpata katika parokia nyingine. Kuanzia 1908 Kanisa Katoliki lilitaka ndoa irudishwe kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, na pale ubavuni mwa ubatizo wake padre aliandika kwa wino tofauti: ameoa Mombasa, na jina la mke. Nikampigia Shangazi. Aliniuliza awaambie nini wale watu wa Cork. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo ninapowaambia someni ubavuni mwa ukurasa, someni. Fungueni picha yenyewe, msitegemee muhtasari ulioandikwa na mnakili.

5. Umri msiuamini. Sensa ya 1841 ya Uingereza iliagiza waliozidi miaka 15 umri wao ushushwe hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, basi aliyeandikwa 30 huenda ana 34. Kule Ireland kuna watu waliozeeka miaka 14 kati ya 1901 na 1911, kwa sababu Januari 1909 pensheni ya wenye miaka 70 ilianza kulipwa, na wazee wale walizaliwa kabla ya usajili. Maofisa wakawa wanafukua sensa za 1841 na 1851 kuhakiki umri wao. Sensa hizo karibu zote ziliteketea pale Four Courts, jengo la mahakama na hifadhi ya nyaraka, Dublin, Juni 1922, lakini fomu za uhakiki zimesalia, na baadhi zina majina ya nyumba nzima. Nani kati yenu amezifungua? Mnaniambia tu kwamba Ireland kila kitu kiliungua.

6. Wenye babu aliyekuja huku: orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, ziko kwenye tovuti ya Findmypast, na faharasa ya mirathi ya England na Wales, tangu 1858, inawataja hata waliofia Kenya au Tanganyika wakiacha mali kule. Ila abiria wengi walivuka Ufaransa kwa treni na kupandia meli Marseille, na hao orodha ile haiwajui. Mkimkosa mume, tafuteni safari ya mke na watoto. Huenda walifuata mwaka mmoja au miwili baadaye, wakapanda London au Southampton.