Lenzi za mvutano: anza hesabu upande wa picha

Wanaoingia katika hesabu za lenzi za mvutano, yaani vitu vizito angani ambavyo mvutano wake hupinda mwanga unaopita karibu navyo, mara nyingi huniuliza waanze na programu gani ya kompyuta. Jibu langu halibadiliki: programu isubiri kwanza. Chukua karatasi, andika mlinganyo mmoja, kisha ujiulize unasomeka kwa urahisi kutoka upande upi. Mlinganyo wenyewe ni mfupi, β = θ − α(θ), ambapo β ni mahali ambapo galaksi ya mbali (chanzo cha mwanga) ingeonekana angani laiti pasingekuwa na kitu kizito njiani, θ ni mahali tunapoiona, na α ni pembe ya kupinda kwa mwanga ikiwa imezidishwa kwa uwiano wa umbali, yaani umbali kutoka lenzi hadi chanzo ukigawanywa kwa umbali kutoka kwetu hadi chanzo.

Ukipewa θ, unaipata β papo hapo, nayo ni moja tu. Ukipewa β na kutakiwa kuitafuta θ, majibu yanaweza kuwa mawili, matatu, matano au zaidi, na kwa kawaida hakuna kanuni fupi ya kuyatoa. Sehemu kubwa ya ugumu wa fani hii imo katika kuugeuza mwelekeo huo, kwa hiyo hesabu yoyote inayoweza kuanzia upande wa picha na ianzie huko. Hata kompyuta hufanyishwa hivyo: hurushwa mamilioni ya miale kutoka kwa mtazamaji kurudi nyuma, kisha huhesabiwa ni mingapi iliyoangukia chanzo.

Kabla ya lolote, hakiki vizio vyako kwa Jua. Kokotoa 4GM/(c²R), pembe ya kupinda kwa mwanga unaopita ukingoni mwa Jua, kwa tungamo (M) na nusu kipenyo (R) cha Jua; G ni namba ya mvutano ya Newton na c ni kasi ya mwanga. Usipopata takriban sekunde 1.75 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii), usiendelee. Ukipata nusu yake, umetumia 2 badala ya 4, yaani jibu la Newton, na picha za kupatwa kwa Jua kwa tarehe 29 Mei 1919 zilikuwa upande wa Einstein.

Baada ya hapo, fanya lenzi ya nukta moja, yaani ile ambayo tungamo lake lote liko mahali pamoja, kwa mkono. Mlinganyo unakuwa θ² − βθ − θE² = 0, na bila hata kuutatua unaona kwamba zao la majibu mawili ni −θE²: picha moja iko nje ya pete ya Einstein (duara lenye nusu kipenyo θE ambalo chanzo huonekana nalo kikiwa nyuma kabisa ya lenzi), nyingine ndani yake, upande wa pili wa lenzi. Nyota yenye tungamo la Jua, ikiwa katikati ya njia kuelekea nyota iliyo umbali wa kiloparseki 8, ina θE ya takriban milisekunde moja ya tao. Darubini ya kawaida haiwezi kuzitenganisha picha hizo, hivyo kinachopimwa ni mwangaza tu. Ukiweka u = β/θE, ukuzaji wa jumla, yaani mara ngapi mwangaza umeongezeka, ni (u² + 2) / (u√(u² + 4)), na u ikiwa 1 unapata 3/√5, yaani karibu 1.34. Hunisikitisha kumwona mtu akiinukuu namba hiyo ilhali hajawahi kuitoa mwenyewe.

Lenzi za galaksi zina tahadhari yake: umbali kutoka lenzi hadi chanzo haupatikani kwa kutoa umbali mmoja kwenye mwingine, kwa sababu ulimwengu unapanuka na umbali tunaoutumia hapa ni ule wa kipenyo cha pembe, yaani ukubwa halisi wa kitu ukigawanywa kwa pembe kinayoonekana nayo.

Uzuri wa hesabu hizi hujitokeza kwenye matriksi ya badiliko la β kwa θ. Determinanti yake ni (1 − κ)² − γ², ambapo κ hupima tungamo lililo kwenye mstari wa kuona na γ hupima jinsi picha inavyonyooshwa upande mmoja. Ukuzaji ni 1 ikigawanywa kwa determinanti hiyo. Inapokuwa sifuri, hujichora mstari kritikali upande wa picha. Uchore huo kwanza, kisha upitishe kila nukta yake kwenye mlinganyo wa lenzi, na kostiki, yaani mstari unaolingana nao, itajitokeza yenyewe upande wa chanzo. Chanzo kinapoivuka kostiki, picha mbili huzaliwa au hufa pamoja.

Lenzi ikiwa na nyota mbili, hamia kwenye namba changamano: unapata polinomia ya kipeo cha tano, lakini picha halisi ni tatu au tano tu. Rudisha kila jibu kwenye mlinganyo wa awali na ulitupe lisilotimiza. Kwa lenzi yenye nukta n, kuanzia mbili, kipeo ni n² + 1 ilhali picha haziwezi kuzidi 5n − 5. Mtafiti Rhie alionyesha kwamba idadi hiyo inafikika, na mwaka 2006 Khavinson na Neumann wakachapisha uthibitisho kwamba haizidiki.

Kugeuza mwelekeo kuna mtego mkubwa zaidi pale unapotafuta tungamo lenyewe. Falco, Gorenstein na Shapiro walionyesha mwaka 1985 kwamba ukichagua namba λ, kisha ukabadilisha κ kuwa λκ + (1 − λ), na β kuwa λβ, picha hubaki mahali pake na uwiano wa mwangaza wake haubadiliki. Kinachobadilika ni tofauti ya muda wa kufika kwa mwanga kati ya picha moja na nyingine, ambayo huzidishwa kwa λ. Katika kwasari (kiini king'avu sana cha galaksi ya mbali) pacha Q0957+561, iliyogunduliwa mwaka 1979, tofauti hiyo ni takriban siku 417, na Refsdal alikuwa ameshapendekeza mwaka 1964 kwamba tofauti za aina hiyo zitumike kupima kasi ya upanukaji wa ulimwengu. Kwa hiyo modeli yako ikikaa vizuri mno kwenye picha, weka λ = 0.9 na uirudie. Picha hazitasogea hata kidogo, lakini thamani ya Hubble, yaani hiyo kasi ya upanukaji, unayoipata itashuka kwa asilimia 10. Kipimo kinachosaidia kuibana λ ni kasi za nyota ndani ya galaksi iliyo lenzi, zisomwazo kwenye spektra yake, kwa sababu hizo huligusa tungamo bila kupitia mlinganyo wa lenzi.