Paa la asbesto: kabla hujaita fundi, jua kwanza shiti zitaenda wapi

Dadangu umeuliza kuhusu hiyo nyumba ya zamani mliyorithi Kisumu, kwamba paa ni asbesto, fundi amesema ataling'oa siku moja na vipande atavifukia nyuma ya choo, na unataka kujua kama iko sawa. Haiko sawa. Tafadhali mwambie asimame kwanza, asiguse hata msumari mmoja. Mimi niko Nakuru na hiyo kazi nimeipitia mara mbili, ya kwanza vibaya kabisa na ya pili vizuri, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli na alipojenga boma yake aliezeka asbesto, nyumba kubwa na jiko la nje, kwa sababu wakati huo ndio ilikuwa paa ya maana, haishiki kutu, mvua ikinyesha haipigi kelele, na jua likiwaka ndani kunabaki baridi. 2014 tukaamua kubadilisha ya jiko. Fundi akapanda na nyundo, akawa anavunja shiti moja moja zinaanguka chini kwa simiti, vumbi likajaa mpaka ndani ya masufuria ya mamangu, na watoto wa dada yangu wakaokota vipande wakawa wanachorea sakafu kama chaki. Na mimi nilikuwa hapo hapo naangalia. Hakuna mtu alikuwa na maski. Jirani akaomba vipande akavitupa kwa njia ya geti yake kuziba matope, magari yakaanza kuvisaga. Nilikuja kuelewa baadaye ni nini nilikuwa naangalia siku hiyo, na mpaka leo nikiwaona hao watoto, ambao sasa ni vijana, roho yangu haitulii.

Shiti ya asbesto ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe, kawaida nyuzi ni kama asilimia 10 hadi 15. Ukiangalia kipande kilichovunjika, pale ukingoni utaona kama manyoya meupe yametokeza. Hizo unaziona, lakini zenye hatari zaidi huzioni kwa macho, zinaelea hewani masaa mengi, ukizivuta zinaingia ndani kabisa ya mapafu na kukwama huko, mwili hauwezi kuziyeyusha. Ugonjwa unaweza kukaa miaka 20, 30, hata 40 ndio ujitokeze, saratani ya mapafu, saratani ya utando wa mapafu wanayoiita mesothelioma, na mapafu kukakamaa mtu anashindwa kuvuta pumzi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinaleta saratani, na kama mtu pia anavuta sigara hatari yake inazidi mara nyingi. Sasa fundi akikuambia amefanya hii kazi miaka kumi na hajaugua, mwambie miaka kumi bado ni mapema.

Lakini pia usihame leo usiku. Shiti ikiwa nzima, haijapasuka na hakuna anayeichokoza, haimwagi nyuzi nyingi, shida inaanza ikivunjwa, ikikatwa, ikitobolewa au ikisuguliwa. Kwa hivyo muda uko. Usikubali mtu atoboe kuweka dishi au sola, usisugue ile kuvu ya juu na brashi, na usioshe paa na ile mashine ya maji ya presha.

Huo muda ndio utumie kutafuta shiti zitaenda wapi, na hii ndio sehemu watu wote tunaiacha mwisho. Kenya asbesto ilipigwa marufuku 2006 na iko kwenye orodha ya taka hatari, kwa hivyo haiendi Gioto, jaa letu la hapa Nakuru, na haiendi jaa lolote la kawaida, inazikwa mahali palipoidhinishwa na inabebwa na mtu mwenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira. Anza na ofisi ya NEMA ya kaunti yako, uliza ni nani wana leseni ya kung'oa na kusafirisha na mzigo unazikwa wapi, halafu ndio uongee bei. Kwangu mimi usafiri na kuzika vilikula karibu nusu ya bajeti, na ningejua hiyo mapema singenunua mabati kwanza nikabaki bila pesa ya lori. Kufukia nyuma ya choo kunaonekana rahisi, lakini hizo nyuzi haziozi, na moto hauzimalizi, shiti ikichomwa inapasuka na kurusha vipande. Miaka 15 ijayo mtu atachimba msingi hapo, labda ni mtoto wako, na jembe litagonga ile kitu.

Kazi ya nyumba kubwa tulifanya 2019 na watu wenye leseni. Walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka, na nyinyi huko mna upepo wa ziwa mchana kwa hivyo hiyo ni muhimu zaidi. Familia yote iliondoka, madirisha yakafungwa. Walivaa maski zile zenye filta ya P3, ya kuchuja vumbi laini kabisa, zinazobana uso (ile ya buluu ya hospitali haisaidii, na mwenye ndevu lazima anyoe ndio ishike) na ovaroli nyeupe za kuvaa mara moja. Walinyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwa pampu ya mgongoni, ile ile tunapulizia viazi dawa, polepole, mpaka shiti ikalowa bila maji kutiririka. Boliti zilikuwa zimeshika kutu, wakazikata kwa ile mikasi mikubwa ya vyuma, hakuna grenda. Halafu kila shiti ikateremshwa kwa mikono ikiwa nzima, watu wawili juu wawili chini, hakuna kutupa. Na hakuna aliyekanyaga shiti yenyewe, walilaza mbao ndefu, kwa sababu asbesto ya zamani inavunjika mtu anapita nayo mpaka chini.

Chini walikuwa wametandika nailoni nyeusi nzito ya geji 1000, ile ya kuweka chini ya slabu. Shiti zikafungwa mara mbili, zikabandikwa tepu na maandishi ya hatari. Yale matope ya ndani ya gata yakachotwa yakiwa maji maji yakawekwa kwa mifuko, hata udongo wa juu pale maji ya paa hudondokea ulikwanguliwa, kwa sababu paa kuukuu huachilia nyuzi kidogo kidogo na mvua inazishusha hapo. Hakuna kufagia kavu. Ovaroli zikaingia kwa mzigo huo huo. Hiyo ya nguo naomba uishike sana, kuna wanawake waliugua kwa kufua tu nguo za waume zao waliofanya kazi na asbesto, kwa hivyo hakuna kijana aende kwake na vumbi ya paa lako.

Wiki moja kabla ya hiyo siku nilienda kwa jirani, nikakaa naye chini nikamweleza. Hakukasirika. Tukavaa maski, tukalowesha ile njia ya geti, tukaokota vipande kwa mkono pamoja na mchanga wake, mifuko miwili ikajaa, ikaondoka na lori letu. Kwa hivyo kama kuna shiti zilishavunjika hapo kwenu au kuna mtu alizibeba kujengea kuku, zifuate sasa ndio ziende kwa safari moja. Na ukienda NEMA beba picha za paa na hesabu ya shiti. Lori likishapakia, ile karatasi ya kufuatilia mzigo chukua nakala uiweke pamoja na hati za nyumba.